Syombua, Mshika Kamba

Kwa miaka ishirini na sita Syombua alishika kamba ambayo mwishoni mwake alikuwa ananing'inia mumewe. Sisemi kwa mafumbo. Ndululu alikuwa mchimba visima, na mchimba kisima hashuki peke yake. Lazima juu abaki mtu wa kumteremsha, wa kupandisha ndoo za mawe, na wa kumtoa hewa ikimwishia. Kazi hiyo ya juu ni ya mwanamume mwenye kifua, au ndivyo watu wa Mbumbuni walivyoamini mpaka Kitheka, aliyekuwa akimshikia Ndululu kamba, alipopata kibarua Makindu na kuondoka Jumatatu moja bila kuaga. Kisima kilikuwa kimefika futi thelathini, na mwenye shamba alikuwa ameshaahidiwa maji. Syombua akamwachia mama mkwe mtoto, akajifunga leso kiunoni, akaenda kushika kamba kwa siku mbili tatu hivi, mpaka apatikane mtu. Huyo mtu hakupatikana kamwe, na wala hawakumtafuta sana.

Walichekwa, tena sana. Mke juu, mume shimoni! Mzee mmoja wa kanisa alimwuliza Ndululu kama haogopi siku atakayogombana na mkewe asubuhi. Ndululu akajibu kwamba ndiyo maana hagombani naye asubuhi, husubiri jioni akiwa ameshatoka. Kisha kisima kikatoa maji, na cha pili kikatoa, na watu wa nchi kavu kama hii hawawezi kumcheka kwa muda mrefu mtu anayewapa maji.

Sasa lazima nieleze ile kamba, maana bila hiyo hutaelewa yaliyotokea hospitalini. Mtu akiwa chini futi hamsini hapigi kelele. Sauti yake hufika juu imevurugika, hujui amesema shusha au pandisha, na ukelele wa ghafla unaweza kumshtua aliye juu akaachia ndoo ya mawe. Kwa hiyo huzungumza kwa kamba, ile iliyopitishwa juu ya mti uliolazwa mdomoni mwa kisima. Kuvuta mara moja ni nimesikia, niko sawa. Mara mbili ni niteremshe. Mara tatu ni nitoe, na hiyo ukiipata huulizi kwa nini, unakaza miguu na kuvuta. Anayepokea ujumbe hujibu kwa kuvuta mara moja, mwenziwe ajue umefika.

Na jambo jingine ambalo wasioifanya kazi hii hawalijui: kupandisha mtu ni rahisi kuliko kumteremsha. Kupandisha ni nguvu tu. Kuteremsha ni kuziachia nguvu zako kidogo kidogo huku kamba inapita kiganjani, na hapo ndipo viganja huungua. Vya Syombua viliungua mpaka vikaota ngozi ngumu kama kisigino, naye akawa anaweza kuinua sufuria motoni bila kitambaa.

Walichimba visima arobaini na kimoja, kuanzia Mbumbuni mpaka ng'ambo huko Kitui. Hata nyumbani walizoea. Syombua akisema chakula kiko tayari, Ndululu alivuta ncha ya leso yake mara moja akipita, na hilo lilitosha. Ile ya mara tatu aliipata mara saba katika maisha yake yote, na mara zote saba alimtoa mumewe akiwa hai. Hakujisifu kwa hilo mbele ya watu, lakini alilijua vizuri kama anavyojua majina ya watoto wake.

Kikohozi kilianza mwaka ambao mbaazi zilikubali sana. Hakuna aliyeshangaa. Mwamba wa huku ukipigwa kwa nyundo na patasi hutoa vumbi laini kama unga, na Ndululu alitoka kisimani mweupe kichwa hadi miguu, watoto wakimkimbia huku wakimwita mzimu. Alijifunga kitambaa mdomoni siku alizokumbuka. Makohozi yake yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Picha ya kifua ikaonyesha kivuli, wakaamua ni kifua kikuu, wakampa dawa miezi sita. Alipomaliza, kivuli kilikuwepo bado. Wakampa tena miezi sita.

Mwaka mzima wa vidonge ukapita, naye akawa amekonda mpaka mshipi ukatobolewa matundu matatu mapya. Ndipo alipopelekwa kwenye ile picha kubwa ya kuingizwa ndani ya mashine. Uvimbe ukaonekana, ukubwa wa limau, umekaa upande wa kulia ukiwa umeegemea ukuta wa kifua. Inaweza kuwa kovu la kifua kikuu, wakaambiwa. Inaweza kuwa saratani. Bila kuchukua kipande na kukipima, watakuwa wanaendelea kubahatisha kama walivyobahatisha mwaka mzima.

Syombua alisikia hayo yote akiwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Alingoja hofu imshike. Haikuja. Aliangalia kalenda ukutani, akaona bado iko kwenye ukurasa wa mwezi uliopita, akawaza kwamba mtu angeinuka aifunue. Nyumbani akina mama wa kanisa walikuja na sukari na maombi, wakamtazama wakingoja alie ili wamshike. Akawapa chai. Walipoondoka akarudi kupepeta ndengu zake. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unaugusa, na hausemi kitu.

Hospitali ya kwanza iliyojaribu kuchukua kipande hicho sitaitaja, kwa sababu hawakufanya ubaya, walifanya haraka. Walimwuliza Ndululu kama anatumia dawa yoyote, akasema hapana. Wakamlaza, wakamwambia asiongee wala asikohoe, wakafunga mlango. Syombua alibaki nje. Baada ya nusu saa mlango ukafunguliwa kwa kasi, muuguzi akatoka mbio, akarudi na mwingine. Hewa ilikuwa imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Wakamtia mpira wa kuitoa, akalala siku tatu. Na kile kipande kilipopimwa, jibu likaja kwamba ni damu na nyama iliyokufa, hakisomeki.

"Daktari anasema ulitingishika," Syombua alimwambia siku ya pili, akiwa ameketi kando ya kitanda. "Sindano iko ndani, wewe unageuka! Kwa nini, Baba Mutanu?"

Ndululu alitazama ule mpira uliotoka ubavuni mwake ukaingia kwenye chupa sakafuni.

"Nilivuta," akasema.

"Ulivuta nini?"

"Ile nguo ya sista. Alikuwa amesimama hapa, karibu na mkono. Wameniambia nisiongee. Ikaanza kuniuma, kuuma kabisa. Nikavuta mara tatu."

"Halafu?"

"Akanishika mkono, akafinya mara moja. Nikajua amesikia. Nikangoja anitoe." Akapumzika kupata pumzi. "Nikangoja, Mama Mutanu. Ile kitu ikalia tak mara ya pili, kama mti wa kisima ukivunjika. Nikaona huyu mtu wa juu amelala. Nikajitoa mwenyewe."

Maskini muuguzi wa watu. Aliona mzee anaogopa, akamfinya mkono kwa huruma, na mzee akaelewa neno ambalo yeye hakulisema. Syombua aliona ni jambo la kucheka, au la kulia, mojawapo. Hakufanya lolote. Alimnyooshea shuka, akamwuliza kama atakula ndizi.

Ndululu aliapa kwamba hatadungwa tena. Alikubali shingo upande baada ya mwezi, Syombua alipomwambia kwamba kama hataki kudungwa basi arudie vidonge miezi sita mingine, maana dawa ya kubahatisha haiishi. "Mara moja tu," akasema Ndululu. "Wakishindwa, mniache." Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama: mara moja, na ikishindikana hakuna atakayejua tena ni nini kilikuwa kifuani mwa mtu huyo.

Wakaelekezwa hospitali nyingine, upande wa Kitui, kwa daktari mmoja aliyeitwa Intisar. Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, mwenye hijabu ya kijivu, baba yake mfanyabiashara wa mbuzi kutoka kaskazini mashariki. Na alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza mpaka Ndululu akaanza kumtazama Syombua kama mtu aliyeuzwa.

"Mzee wangu, kuna dawa unameza?"

"Hakuna."

"Hata ya presha? Hata ya miti?"

"Hakuna, daktari."

"Na zile za duka?" Syombua akasema.

Ndululu akageuka. "Zile si dawa. Zile ni za mgongo."

Daktari akaweka kalamu chini. Syombua akafungua fundo la leso, akatoa karatasi yenye tembe. Aspirini. Mbili kila asubuhi kabla ya kushuka, miaka kumi na mitano, na hata baada ya kuacha kushuka aliendelea kuzimeza kwa mazoea.

"Hizi zinafanya damu isigande haraka," Daktari Intisar akasema. "Nikikudunga leo, damu inaweza kukataa kusimama. Utaacha wiki moja. Ukirudi tutapima damu kwanza, ndio tuendelee."

"Wiki nzima kwa sababu ya mgongo!" Ndululu alinung'unika mpaka nyumbani. Lakini aliacha.

Waliporudi, damu ikapimwa, ikakubalika. Muuguzi aliyeitwa Mwongeli akamvalisha Ndululu gauni la hospitali linalofungwa mgongoni, akamwambia watatumia mashine ileile ya kuwapima wajawazito.

"Asi!" Ndululu akasema. "Na nikipatikana na mimba?"

Mwongeli akacheka. Syombua hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze alikuwa na neno la kusema, nalo lilikuwa limemkwama. Mwanamke aliyesoma mpaka darasa la tano, anamfundisha daktari kazi? Akajipiga moyo konde.

"Daktari, kuna kitu," akasema. "Huyu hawezi kukuambia akiumia. Si kiburi. Ni kazi yetu."

Akaeleza ile kamba. Moja, mbili, tatu. Akaeleza na ule mkono uliofinywa, na ile sauti kama ya mti wa kisima kuvunjika. Alieleza akiangalia miguu yake, haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine. Mwongeli alikuwa ameacha kupanga vyombo.

"Na mimi huwa nawafinya mkono," Mwongeli akasema polepole. "Wote."

"Mama, wewe utaingia," daktari akasema. "Mashine hii haina miale kama ya eksirei, haiwezi kukudhuru. Utasimama upande wa kichwa. Ukiniambia tatu, mimi natoa sindano. Sitauliza kwa nini."

Wakakata bendeji ndefu. Ncha moja wakampa Ndululu mkononi, nyingine akaishika Syombua. Aliizungushia kiganja mara moja, kama alivyoizungusha kamba miaka yote, na akashangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi.

Ndululu alilazwa kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kulia ukapitishwa juu ya kichwa ili mbavu zifunguke. Daktari akampaka jeli ya baridi, akapitisha kile kishikio cha mashine kifuani, na kwenye kioo kukatokea kitu kama shamba linalotazamwa usiku wa mbalamwezi. Alimwonyesha Syombua, kwa sababu Syombua alikuwa akitazama. Huu ni ubavu. Hili linalometameta na kuteleza ni pafu, na mashine haioni ndani yake kwa sababu kuna hewa. Lakini uvimbe umegusa ukuta, kwa hiyo unaonekana, ule wa kijivu. Akabonyeza kitufe, rangi nyekundu na bluu zikawaka pembeni.

"Hiyo ni damu inatembea. Hapo sipiti." Akasogeza kidogo. "Katikati hapa pamekufa, ndiyo sababu mara ya kwanza hawakupata kitu. Leo nachukua hapa kando, palipo hai."

Syombua aliitazama hiyo sehemu iliyo hai. Ilikuwa kijivu tu, kama nyingine.

Kisha pumzi. Ndululu akiambiwa avute pumzi na kuishikilia, alijaza kifua chote, kama mtu anayeshuka kwenye hewa mbaya, na uvimbe ukateleza ukajificha nyuma ya ubavu. "Hapana, mzee. Kidogo tu, kama unanusa chai. Halafu simama hapo." Walifanya zoezi hilo mara tano mpaka uvimbe ukawa unatulia mahali pamoja. Halafu daktari akachukua chombo chenye sindano, akakielekeza mbali na mtu, akakifyatua hewani. Tak!

"Ndiyo hiyo sauti. Utaisikia mara nne. Sio mti unavunjika."

Ndululu akavuta bendeji mara moja. "Amesikia," Syombua akasema.

Dawa ya ganzi ikaingia, kwanza kwenye ngozi, kisha ndani zaidi, mpaka kwenye utando unaozunguka pafu, daktari akisubiri kila hatua. Akachoma sindano kubwa akipitia juu ya ubavu wa chini, kwa sababu mishipa ya damu hujificha chini ya ule wa juu. Kwenye kioo sindano ilionekana ni mstari mweupe unaoteremka, na daktari hakuondoa macho kwenye ncha yake. Akasimama.

Bendeji ikavutwa mara mbili.

"Anasema uteremshe," Syombua akasema.

Tak. Kipande cha kwanza kikatoka, chembamba kama uzi, rangi ya waridi. Cha pili. Ndululu akavuta mara mbili. Cha tatu, na daktari alipokitia kwenye chupa na kurudi, bendeji ikakaza kwenye kiganja cha Syombua. Moja, mbili, tatu.

"Anataka kutoka!"

Ilikuwa sauti ya juu ya kisima, sauti ambayo hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuisikia. Daktari alikuwa ameshaanza kuingiza, akatoa sindano palepale. Hakuuliza. Mwongeli akaweka kitambaa na kukandamiza. Syombua akavuta bendeji mara moja: nimesikia. Dakika kama tatu zikapita, Ndululu akikohoa kidogo kidogo kwenye mto, akitema mate yenye wekundu, daktari akitazama kwenye kioo kama pafu bado linateleza. Lilikuwa linateleza. Kisha mkono wa Ndululu ukatulia, na bendeji ikavutwa mara mbili.

"Ana hakika?" daktari akauliza.

"Akisema mbili ni mbili," Syombua akajibu.

Kipande cha nne kikapatikana. Vitatu vikatiwa kwenye dawa inayohifadhi nyama, kwa ajili ya yule anayesoma kwa darubini. Kimoja kikatiwa kwenye maji ya chumvi peke yake, maana ile dawa ingeua vijidudu vya kifua kikuu kama vimo, na walitaka kuvitafuta vikiwa hai. Mwongeli aliandika jina kwenye kila chupa, akamsomea Syombua kwa sauti ili ahakikishe. Ndululu akalazwa kwa ule ubavu uliodungwa. Baada ya saa mbili wakampiga picha. Hewa haikuwa imeingia.

Mara ya nane, Syombua aliwaza walipoambiwa hivyo. Alijua kwamba hapo ndipo mtu angefurahi. Aliitafuta furaha kama mtu anavyopapasa ufunguo chini kabisa ndani ya mkoba, akakosa, akafunga mkoba.

Majibu yalikuja wiki ya tatu. Vipande vilikuwa vizuri, vilisomeka vyote. Kifua kikuu hakikuwepo, na pengine hakijawahi kuwepo. Ilikuwa saratani ya pafu, na picha nyingine ilionyesha kwamba imeshatembea, imefika kwenye ini. Daktari Intisar aliwaambia akiwa ameketi, mlango umefungwa, simu ameizima. Kuna dawa ya kutiwa kwenye mshipa, Nairobi, kila baada ya wiki tatu. Haiwezi kuondoa ugonjwa. Inaweza kumwongezea miezi, na inaweza kumchosha sana katika miezi hiyo. Au abaki nyumbani, apewe dawa ya maumivu, na wauguzi wamfuate huko.

"Si lazima mseme leo," akasema. "Mzee, ni wewe utaamua."

"Tutaenda Nairobi," Syombua akasema.

Ndululu alikuwa anatazama dirishani, kwenye tangi la maji la hospitali. Na Syombua hakumwuliza, kwa sababu katika maisha yao yeye ndiye aliyekuwa wa kuvuta. Mtu yuko chini, hewa ni mbaya, kamba iko mkononi mwako. Unamwuliza nini?

Wakaenda. Binti yao Mutanu, mwenye duka Sultan Hamud, aliwapokea wakienda na wakirudi. Baada ya dawa ya kwanza Ndululu alitapika siku sita. Baada ya pili nywele zilinyonyoka, na midomo ikachanika ndani hata uji ukamuuma. Syombua alifanya kila kilichoandikwa kwenye karatasi. Alichemsha maji, alipima homa, aliamka kwa saa. Watu wakasema ana moyo wa chuma. Hakuwa nao. Hakuwa na moyo wa aina yoyote siku hizo. Alikuwa anasubiri tu ile ishara ya mara tatu, ili akaze miguu, na mchana wote leso yake aliiacha ikining'inia upande ambao mkono wa Ndululu ungeifikia.

Asubuhi ya safari ya tatu teksi ilifika saa nne, ikasimama chini ya mgunga nje ya uzio. Mkoba ulikuwa tayari. Ndululu alikuwa barazani kwenye kiti, koti limempwaya kama limevikwa mti. Syombua akapiga magoti kumvisha viatu. Akavisha cha kulia, akafunga kamba zake. Akachukua cha kushoto.

Leso ikavutwa.

Alisimamisha mkono. Mvuto ulikuwa mdogo, kama wa mtoto, lakini haukuwa wa bahati mbaya. Kisha wa pili. Syombua akangoja wa tatu. Alikaza mpaka magoti yake, akakaza mgongo, kila kitu ndani yake kikajipanga kwa ajili ya wa tatu, maana wa tatu aliujua, wa tatu alikuwa na la kuufanyia. Dereva akapiga honi mara moja, kwa adabu. Kuku akapita. Wa tatu haukuja.

Akainua uso. Ndululu alikuwa akimtazama, si kwa kuomba, bali kama alivyokuwa akimtazama kila asubuhi akiwa ameshakaa kwenye kitanzi cha kamba, miguu inaning'inia shimoni, anangoja tu mwenziwe awe tayari kumteremsha.

"Mbili?" Syombua akauliza. Hakuwa amewahi kuuliza.

Ndululu hakurudia. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye ncha ya leso.

Hapo viganja vya Syombua vikaanza kuungua. Ngozi ile ngumu kama kisigino, ambayo haikuhisi sufuria, ikawaka moto wote kwa pamoja, na moto ukapanda mikononi ukamfika kooni, naye akasikia sauti mbaya inatoka na akajua ni yake. Alilia palepale chini, kiatu mkononi, mbele ya dereva wa teksi. Iliuma. Iliuma kila mahali, na haikuacha.

Alipopata pumzi aliishika leso, karibu na vidole vya mumewe, akavuta mara moja.

Kisha akafungua kamba za kile kiatu cha kulia, akamvua, akaenda kumwambia dereva arudi.